Injini mpya, giaboksi ya zamani: Kwa nini lori lililoboreshwa huvunjikia njiani

Katika karakana za mafundi jijini Arua, kuanzia Ediofe hadi barabara iendayo Koboko, si ajabu kukuta lori lenye umri mkubwa kuliko dereva wake likiwa limeinuliwa juu ya magogo, uvungu wake ukiwa wazi. Mwenye gari atakueleza kwa fahari kwamba amelitia injini ya Kijapani iliyotumika, yenye nguvu kuliko ile ya awali. Asichokieleza mara nyingi, kwa kuwa hajaulizwa, ni nini kinachopokea nguvu hiyo mpya kabla haijafika kwenye magurudumu.

Swali hilo ndilo linaloamua iwapo fedha zilizotumika zitarudi. Mkoa wa West Nile unaishi kwa malori. Bidhaa zitokazo Kampala huvuka Nile kwa Karuma na tena kwa Pakwach kabla ya kufika Arua, na nyingine huendelea hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, au Vurra na Ariwara upande wa Kongo. Gari jipya halipatikani kwa urahisi, na tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, isipokuwa aina chache zilizotajwa. Matokeo yake yanaeleweka: anayemiliki lori la zamani huona heri kulifufua kuliko kuliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Kulifufua si kosa. Malori ya zamani yana chasisi nene, umeme wake ni mchache, na fundi mwenye akili anaweza kuyafungua na kuyafunga bila kompyuta. Hatari iko kwenye kudhani kwamba injini ndiyo gari.

Namba iliyoandikwa mlangoni

Tuchukue mfano wa malori ya Mercedes-Benz ya pua fupi, familia iliyozinduliwa mwaka 1959 na iliyofahamika kwa miongo mingi katika barabara za Afrika Mashariki na Kongo. Wengi huyaita kwa namba tu: 911, 1113. Namba hizo zina maana. Tarakimu za mwanzo zinataja uzito wa juu kwa tani, na mbili za mwisho zinataja nguvu za farasi baada ya kugawanywa kwa kumi. Kwa hiyo 911 ni lori la tani 9 na nguvu za farasi takriban 110. 1113 ni la tani 11 na nguvu za farasi takriban 130.

Hapa pana kutoelewana kwa kale. Tani 11 si mzigo. Ni uzito wa lori, bodi yake, mafuta, dereva, tanboi na mzigo wenyewe kwa pamoja. Ukiondoa uzito wa gari tupu lenye bodi ya mbao au chuma, ambao ni karibu tani 4, kinachobaki kwa magunia hakifiki hata tani 8. Injini kubwa haibadilishi hesabu hiyo. Kinachobeba mzigo ni chasisi, springi, ekseli na matairi, na kinachousimamisha ni breki. Vyote hivyo vilipimwa kiwandani kwa tani 11, na vitabaki vya tani 11 hata ukifunga injini ya treni.

Kuna wanaojitetea kwa sheria. Ni kweli kwamba kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki za udhibiti wa uzito zinaruhusu ekseli moja yenye matairi manne kubeba hadi tani 10. Lakini kiwango hicho kiliwekwa ili kuilinda barabara. Hakisemi lolote kuhusu uwezo wa ekseli yako, na ekseli ya nyuma ya 1113 ilitengenezwa kwa uzito ulio chini ya hapo.

Nguvu inapita wapi

Injini huzaa nguvu ya msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Injini ya awali ya 1113, yenye lita 5.7, ilitoa karibu nyutoni-mita 360. Tuseme mwenye gari amefunga injini ya Kijapani ya lita 7 na ushei inayotoa nyutoni-mita 500. Ongezeko ni asilimia 39.

Nguvu hiyo hupita kwenye klachi, ikaingia kwenye giaboksi, ikaongezwa na gia, ikashuka kwa propela na krosi zake, ikafika kwenye difu, ambako pinioni ndogo huizungusha kraun kubwa, kisha ikagawanywa kwa shafti mbili za ndani ya ekseli hadi kwenye magurudumu. Huo ni mnyororo. Kila pete ilichaguliwa na wahandisi kwa kuangalia pete iliyo mbele yake.

Sasa tupige hesabu. Kama gia ya kwanza inazidisha mara 7.5, propela ya zamani ilipokea nyutoni-mita 2,700 wakati lori linaondoka mahali pa mlima. Kwa injini mpya propela ileile, yenye krosi zilezile, inapokea 3,750. Hii inafafanua jambo ambalo huwashangaza madereva: lori linakwenda vizuri kwa wiki kadhaa kwenye lami iliyonyooka, kisha krosi inakatika siku ya kwanza ya kuondoka na mzigo kilimani. Kwenye lami, gari likiwa kwenye gia ya juu, propela haibebi hata sehemu ya tano ya mzigo ule. Ni gia ya kwanza inayoua, na inaua haraka zaidi dereva anapoinua mguu wa klachi kwa ghafla.

Fundi akibadilisha krosi kwa nyingine nene, udhaifu hauondoki, unahamia pete inayofuata. Mwezi ujao itakuwa meno ya pinioni, na baada yake shafti ya ndani ya ekseli. Wenye malori hulalamika kwamba gari lina nuksi, ilhali nguvu inatafuta tu mahali pepesi pa kupasuka. Na ikiwa lazima pawepo mahali pepesi, ni afadhali pawe klachi, kwa sababu klachi iliyochoka huteleza na kunuka kabla ya kuharibika, nayo hubadilishwa bila kufungua difu.

Zinunuliwe zikiwa zimeoana

Njia iliyo salama kuliko zote ni kununua injini na giaboksi kutoka gari moja, zikiwa bado zimefungwa pamoja. Katika masoko ya spea zilizotumika jijini Kampala, kama Kisekka na Ndeeba, muuzaji huweza kukuuzia injini peke yake kwa bei inayovutia. Unafuu huo ni wa muda. Tundu za bolti za injini ya kampuni moja hazilingani na za giaboksi ya kampuni nyingine, na hapo ndipo fundi hukata bamba la chuma ili kuviunganisha.

Bamba hilo linawezekana, na mafundi wakerezaji wazuri hulifanya. Sharti lake ni kwamba katikati ya krenki na katikati ya shafti ya kuingilia giaboksi pawe pamoja kabisa. Tofauti inayovumilika haizidi unene wa nywele mbili au tatu za binadamu. Bamba lililochorwa kwa chaki na kukatwa kwa gesi haliwezi kufikia kipimo hicho. Dalili za kukosea huja taratibu: klachi inatetemeka, beringi ya mbele ya giaboksi inalia, gia ya juu inaanza kuruka yenyewe. Mwenye gari hulaumu giaboksi, huinunua nyingine, nayo hufa vilevile.

Ukipata vyote viwili pamoja, usiiache klachi yake, flaiwili yake, pampu ya klachi, wala fimbo ya gia. Iulizie pia breki ya ekzosi, ile klapa inayoziba moshi ili injini ilizuie gari mteremkoni. Malori mengi ya Kijapani ya ukubwa wa kati yanayo, na wauzaji wengi huitupa pembeni kama kitu kisicho na mnunuzi. Tutairudia.

Propela iliyokatwa na kuungwa

Giaboksi mpya mara chache huwa na urefu wa ile ya zamani. Kwa hiyo propela hukatwa au hurefushwa, na kazi hiyo, inayoonekana kuwa ya kuchomelea tu, ndiyo inayohitaji umakini kuliko zote zilizo chini ya gari.

Kwanza ni mwelekeo wa uma. Krosi inayofanya kazi ikiwa imeinama haizungushi shafti kwa mwendo sawa: huiharakisha na kuipunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili huirekebisha kasoro hiyo, mradi uma za ncha mbili za propela zielekee upande mmoja na pembe za mbele na nyuma ziwe sawa. Ukichomelea ncha moja ikiwa imegeuka hata kidogo, krosi hizo mbili huanza kugombana badala ya kusaidiana. Fundi mwangalifu huchora mstari wa chaki kutoka ncha hadi ncha kabla ya kukata, na huuhakikisha mstari huo kabla ya kuchomelea. Chaki ni ya shilingi chache, na krosi si ya shilingi chache. Aangalie pia umeme wa mashine ya kuchomelea: ukiyumba, mshono hung'aa juu na kuwa mtupu ndani.

Pili ni urefu. Kila shafti ina kasi ambayo ikiifikia huanza kujipinda katikati kama kamba ya kurukia. Kasi hiyo hushuka upesi sana urefu unapoongezeka: ukirefusha propela kwa asilimia 20, kasi ya hatari hupungua kwa takriban asilimia 30. Na hapa giaboksi za kisasa huongeza tatizo. Nyingi zina gia ya juu inayoizungusha propela kwa kasi kuliko injini yenyewe. Injini ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, gia ya juu yenye uwiano wa 0.75 huifikisha propela kwenye mizunguko 3,700 na zaidi. Propela ya zamani haikuwahi kuiona kasi hiyo, kwa kuwa gia yake ya juu ilikuwa moja kwa moja. Propela inayotoka mahali pake ikiwa mwendoni inaweza kupasua bomba la breki au tangi la mafuta, au kuchimba lami na kuliinua lori.

Jibu ni kuigawa propela vipande viwili na kuweka beringi ya katikati kwenye kiungo cha chasisi. Kiungo hicho kifungwe kwa bolti. Kamwe chasisi isikatwe wala kutobolewa kwenye kingo zake za juu na za chini, ambazo ndizo zinazobeba uzito.

Waliozoea kuongeza majani ya springi ili lori lisimame juu nao wajue kwamba kwa kufanya hivyo wameinamisha pembe za krosi. Lori likiwa tupu hutetemeka na likijaa hutulia. Mtetemeko huo unakula beringi hata kama dereva ameshauzoea.

Kuijua difu bila kuifungua

Kwenye 911 uwiano mmoja wa difu uliotumika ni meno 41 kwa 7, yaani propela huzunguka mara 5.86 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 3.1, injini ikifikia mizunguko 2,800 kwenye gia ya moja kwa moja, lori huenda karibu kilomita 89 kwa saa. Lakini injini mpya hupenda kufanya kazi kwenye mizunguko kama 1,800, ambapo hunywa mafuta kidogo. Kwa difu ile, mizunguko 1,800 ni kilomita 57 tu kwa saa. Dereva hukanyaga zaidi, injini hulia, na mafuta yaliyotarajiwa kupungua huongezeka. Difu ya meno 39 kwa 8 ingelipeleka lori hilohilo karibu kilomita 69 kwa saa kwa mizunguko ileile.

Anayetaka kujua uwiano wa difu yake kabla ya kusafiri Kampala kutafuta nyingine anaweza kuupima mwenyewe. Aweke vizuizi imara kwenye magurudumu ya mbele, ainue gurudumu moja la nyuma huku la pili likibaki chini, aweke gia huru na kuachia breki ya mkono. Achore alama kwenye propela na kwenye tairi. Alizungushe tairi lililoinuliwa mara mbili kamili na kuhesabu mizunguko ya propela. Ni mara mbili kwa sababu difu hugawa mwendo: gurudumu moja likisimama, la pili huzunguka maradufu. Propela ikizunguka mara tano na sehemu kubwa ya sita, hiyo ni 5.86, ikizunguka karibu mara tano tu, ni 4.88.

Kubadilisha difu kunaleta faida moja isiyotajwa sana. Nguvu inayofika kwenye shafti za ndani ya ekseli ni ya injini mara gia mara difu. Injini imeongezeka asilimia 39, lakini difu nyepesi inapunguza asilimia 17. Zikizidishwa, ongezeko linalobaki ni kama asilimia 16. Shafti za ndani zimepata nafuu, na lori bado linavuta kuliko zamani. Lakini propela na krosi zake hazikupata nafuu yoyote, kwa kuwa ziko mbele ya difu na zinabeba nguvu ya gia nzima. Anayebadilisha difu na kuiacha propela ya zamani ametibu mguu mmoja.

Wenye malori yanayosukumwa na ekseli zote mbili, mengi yao yaliyokuwa ya kijeshi, wana sharti la ziada: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, giaboksi ndogo ya kugawa nguvu itapasuka pindi gari litakapokanyaga mahali pakavu na gumu.

Mteremkoni

Arua iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Pakwach, ukingoni mwa Nile, iko juu ya mita 600 kidogo. Lori linalotoka Arua na mzigo linashuka zaidi ya nusu kilomita kabla ya kufika darajani, ingawa halishuki kwa mkupuo mmoja. Wanaotoka Paidha na nyanda za Zombo wana miteremko mikali kuliko hiyo.

Lori la tani 11 likishuka mita 500, nishati inayopaswa kuondolewa inatosha kuchemsha maji ya jerikani 8 za lita 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Nyingine lazima imezwe na injini au na breki. Injini ikiwa kwenye gia ya chini huimeza kwa kusukuma hewa, na joto lake hutoka kwa radieta na bomba la moshi. Breki haina radieta. Ngoma za breki huchukua joto hilo lote zenyewe, na zikishapata moto kupita kiasi, dereva hukanyaga pedali ngumu isiyozuia kitu.

Kwa hiyo giaboksi ni breki pia, na hapa ndipo maboresho mengi yanapogeuka hatari. Difu nyepesi inayookoa mafuta kwenye lami hupunguza uwezo wa injini kulizuia gari mteremkoni, kwa asilimia ileile 17. Gia ya juu inayokwenda kwa kasi huupunguza zaidi. Lori linakimbia kuliko zamani, limepakiwa kuliko zamani kwa sababu sasa linavuta, na breki zake ni zilezile za mwaka lilipoundwa. Juu ya mzigo, siku za soko, wameketi watu.

Mtu aliyetenga fedha za kuboresha mfumo wa kuendesha gari na hakutenga za breki angeahirisha kazi nzima hadi azipate. Hayo ni maoni ya mwandishi, lakini hesabu iliyo hapo juu ndiyo iliyoyazaa. Kwa uchache, ngoma zikerezwe, bitana ziwe mpya, mabomba ya mpira yabadilishwe, na kompresa ya upepo ya injini mpya ihakikishwe kuwa inajaza mitungi kwa wakati. Malori mengi ya rika hilo hutumia mafuta ya breki yanayosaidiwa na upepo. Upepo ukikosekana, mguu wa dereva peke yake hautoshi. Na ile breki ya ekzosi iliyotupwa pembeni sokoni ndiyo hasa inayorudisha sehemu ya kilichopotea.

Kuna desturi ya kuweka gia huru mteremkoni ili kuokoa dizeli. Injini nyingi za dizeli, zikiwa zimesukumwa na gari mteremkoni huku mguu ukiwa nje ya pedali, hazinyunyizi mafuta kabisa au hunyunyiza kidogo sana. Gari lenye gia huru hulazimika kunyunyiza ili injini isizimike. Desturi hiyo, basi, haiokoi kitu, na dereva anayejaribu kurudisha gia baada ya mwendo kuzidi huambulia mlio wa meno.

Oili mbili, si moja

Jambo dogo linaloharibu giaboksi nzuri: oili ya difu si oili ya giaboksi. Difu zenye meno yanayoteleza kwa mgandamizo mkubwa huhitaji oili ya daraja la GL-5. Giaboksi nyingi za zamani zina ringi za shaba nyeupe na nyekundu zinazosaidia gia kuingia, na baadhi ya viungo vya kemikali katika GL-5 huila shaba. Hizo hutaka GL-4. Anayetia oili moja kote kutoka kwenye mtungi usio na jina amepunguza maisha ya kimojawapo, na kwa kawaida ni giaboksi, ambayo ndiyo ghali.

Neno moja, vitu viwili

Anayetafuta spea pande zote za mpaka ana kikwazo kingine ambacho sisi wafasiri hukiona upesi. Kiswahili cha fundi wa Arua kimekopa kwa Kiingereza: klachi, giaboksi, difu, propela. Kiswahili cha fundi wa Ariwara kimekopa kwa Kifaransa: ambrayaji, bwati, pon, kardani. Si tofauti ya matamshi tu. Anayesema difu Arua huenda anamaanisha kraun na pinioni peke yake. Anayesema pon upande wa pili anamaanisha ekseli nzima, pamoja na ngoma zake. Bei zikilinganishwa kwa simu bila kufafanua, mmoja ataona amepata rahisi na mwingine ataona ameibiwa, na wote wawili walisema kweli. Taja idadi ya meno, taja idadi ya bolti, tuma picha yenye rula pembeni.

Baada ya kazi

Kitabu cha gari kina namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, mabadiliko hayo yaandikishwe kabla lori halijaenda Oraba au Vurra, kwa kuwa afisa atakayelinganisha namba hana namna ya kutofautisha injini iliyonunuliwa na iliyoibwa. Risiti ya muuzaji ihifadhiwe. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, maana baada ya ajali ndipo kila upande huanza kusoma karatasi kwa makini.

Safari ya kwanza ifanywe bila mzigo. Arua hadi Koboko ni takriban kilomita 55, umbali unaotosha kuipasha joto mitambo yote. Kila baada ya kilomita 15 au 20 dereva asimame mahali tambarare, aweke vizuizi, na kugusa kwa uangalifu difu, beringi ya katikati na vitovu vya magurudumu. Joto la kawaida huruhusu kiganja kitulie. Kiganja kikiruka, kuna beringi iliyokazwa kupita kiasi au isiyo na oili. Asikilize mlio wa difu anapokanyaga mafuta na anapoachia: ukilia wakati mmoja tu, meno ya kraun na pinioni hayajakaa sawasawa na yatengenezwe kabla hayajajichonga. Akirudi Arua, bolti zote za propela, za giaboksi na za viungo vya injini zikazwe upya, na oili ya difu imwagwe katika beseni safi ili kuangalia kama kuna vipande vya chuma. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa meno mapya. Vipande vinavyoonekana kwa macho vinamaanisha difu ifunguliwe tena, na magunia yasubiri.